Kompresa ya AC huanza kulalamika mapema: ninavyoisikiliza hapa Dodoma

Mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa zamani anayeishi Kongwa, alinipigia simu saa nane mchana akiwa kando ya barabara kuu, kati ya Kibaigwa na Gairo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwishachoka. Akanieleza kwa utaratibu wa kialimu: AC ilikuwa na mlio tangu atoke nyumbani, akapandisha vioo asiusikie. Baadaye ikaja harufu ya mpira unaoungua, kisha kishindo chini ya boneti, taa ya betri ikawaka, na sasa mshale wa joto unapanda.

"Zima injini, mzee wangu, na usiiwashe tena," nilimwambia.

Mkanda ulikuwa umekatika. Kwenye gari lake mkanda mmoja ndio unaozungusha kompresa ya AC, alteneta na pampu ya maji. Kompresa ilijamu, mkanda ukang'ang'ania kwenye puli isiyozunguka mpaka ukaungua na kukatika, na injini ikabaki haina kinachosukuma maji. Injini ilipona kwa sababu alizima mapema. AC ndiyo haikupona. Nilipoifungua kompresa ile siku ya pili, ndani ilikuwa kavu. Oili iliyobaki haikujaza kifuniko cha soda, nayo ilikuwa nyeusi, imejaa chembe za aluminiamu zinazometa.

Kilichoniuma ni kwamba ile kompresa ilikuwa imesema kwa karibu mwaka mzima. Mzee alikuwa ameongezewa gesi mara tatu kwenye gereji nyingine, kila safari akiambiwa gesi imepungua, na hakuna aliyejiuliza gesi hiyo inakwenda wapi.

Mimi ni fundi wa AC za magari, gereji yangu iko Kizota. Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, naye alikuwa na desturi ya kutokushika spana kabla hajasimama mbele ya gari akalisikiliza. Nitaeleza ninavyofanya, kwa namna ambayo mwenye gari asiye fundi anaweza kuifuata mwenyewe nyumbani, na nitasema pia ni wapi inabidi aache na kuja kwa fundi.

Kwanza elewa inachokifanya. Kompresa ni pampu. Inavuta gesi baridi yenye presha ndogo kutoka evapoleta iliyo ndani ya dashibodi, inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto yenye presha kubwa, na kuisukuma kwenye kondensa, lile sega la mbele ya rejeta. Hapo gesi inapoa na kuwa kimiminika, inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, halafu inapenyezwa kwenye tundu dogo la vali ya ekspansheni. Presha inashuka ghafla, kimiminika kinachemka kwa joto kinalolinyonya kwenye hewa ya ndani ya gari, na wewe unasikia ubaridi. Magari mengi tuliyo nayo barabarani yanatumia gesi ya R-134a, ambayo ikiachwa kwenye hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Gari dogo linabeba gesi kidogo tu, mara nyingi gramu 400 hadi 600. Kiasi halisi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Jambo moja hapo nataka ulishike sana: oili ya kompresa inatembea pamoja na gesi. Haina tanki lake la pembeni, wala kijiti cha kupimia kama cha oili ya injini. Gesi ikivuja, oili inatoka nayo. Gesi ikiwa kidogo, oili ya kutosha hairudi kwenye kompresa. Kwa hiyo mtu anayeongezewa gesi kila baada ya miezi michache bila kutafutiwa tundu, kila mara anaondoka na ubaridi na oili pungufu. Kompresa ya mzee wa Kongwa iliuawa kwa njia hiyo.

Anza na masikio, asubuhi

Fanya kazi hii asubuhi injini ikiwa baridi, kabla barabara haijachangamka. Fungua boneti. Kama umevaa mtandio, kanga au shati la mikono mirefu, vua au funga vizuri, kwa sababu mkanda hausamehe. Washa gari, AC ikiwa imezimwa, na usikilize upande wa mkanda.

Puli ya kompresa huzunguka muda wote injini inapozunguka, hata AC ikiwa imezimwa. Inazunguka juu ya beringi yake yenyewe. Kwa hiyo ukisikia kukoroma au mlio kama wa jiwe la kusagia na AC haijawashwa, kompresa yenyewe haihusiki bado. Inayolia ni beringi ya puli, au beringi ya kitu kingine kilicho kwenye mkanda huohuo: alteneta, pampu ya maji, au puli ya kukaza mkanda. Mimi hutumia bisibisi ndefu, ncha nikiigusisha kwenye mwili wa kifaa kisichozunguka na mpini nikiuweka karibu na sikio. Kinachouma kinajitaja chenyewe.

Beringi ya puli ikigunduliwa mapema hubadilishwa peke yake, na kwenye magari mengi hata gesi haifunguliwi. Ukiiacha, inapata joto, inaunguza koili ya klachi, yaani waya wa sumaku uliosokotwa nyuma yake, na mwisho inajamu na kukata mkanda. Hakuna ukarabati wa AC wenye faida kama huu wa kubadilisha beringi kwa wakati, na ndiyo maana huwa nawasisitiza wateja waje wakisikia mlio, wasingoje ubaridi upotee. Beringi inaweza kuwa imeoza huku AC ikipoza vizuri kabisa.

Sasa mwambie mtu akae ndani awashe AC, feni namba ya juu. Sikia "tak!" moja. Hiyo ni klachi: sumaku inavuta sahani ya mbele ya puli, na sahani iliyokuwa imesimama inaanza kuzunguka pamoja na puli. Angalia kwa macho. Injini itashuka kidogo kisha ijirekebishe, hilo ni la kawaida.

Mlio unaozaliwa pale klachi inapokamata na kufa inapoachia ndio unaonitia wasiwasi. Kugonga, kukwaruza, au sauti kama misumari ndani ya kopo: hapo ndani ya kompresa pistoni au beringi za ndani zimeanza kulika. Lakini kabla sijaihukumu, nakagua boliti zinazoishikilia. Gari linalokwenda mashambani Bahi au Mpwayungu kila wiki hulegeza boliti, na kompresa iliyolegea hutetemeka na kupiga kelele kama mbovu. Nimewahi kuwarudisha watu nyumbani wakiwa wamekaziwa boliti mbili tu. Gesi iliyozidishwa nayo huifanya kompresa iguune na injini ielemewe, na tiba yake ni kuitoa gesi yote na kuipima upya kwa mizani.

Halafu kuna kilio cha mkanda, mlio mwembamba wa kuchoma masikio AC inapowashwa. Mara nyingi ni mkanda uliochoka au uliolegea. Ukibadilisha mkanda na kilio kikarudi ndani ya wiki, usibadilishe tena. Shika sahani ya mbele ya kompresa, gari likiwa limezimwa na funguo mfukoni, uizungushe kwa mkono. Inapaswa kwenda kwa uzito wa wastani usiobadilika. Ikikwama mahali, au ukasikia mikwaruzo mkononi, ndani kuna kidonda. Ikienda nyepesi kabisa bila upinzani wowote, ama haina gesi ama haikandamizi tena. Na ikiwa haizunguki hata kidogo, usiwashe AC tena mpaka ufike kwa fundi. Harufu ya mpira au ya breki zilizoungua ikitoka mbele wakati AC inafanya kazi, zima AC palepale, hata uwe katikati ya safari.

Asubuhi inapoza, saa saba inagoma

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu Dodoma tunaliona sana mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza.

Dada mmoja anayefanya kazi ofisi za Mji wa Serikali, Mtumba, aliniletea gari lake akiwa tayari ameambiwa anunue kompresa nyingine. Akitoka nyumbani Ilazo asubuhi AC inapoza vizuri. Mchana gari likiwa limesimama juani, akiwasha inapuliza hewa ya kawaida. Jioni akifika nyumbani, ikipoa, inarudi. Nilimwomba aliache mpaka mchana niione ikigoma. Ilipogoma nikasukuma ile sahani ya klachi kidogo kwa mpini wa nyundo wa mbao, kwa uangalifu. Ikakamata, na ubaridi ukaja.

Sumaku ya klachi hupungua nguvu koili ikiwa ya moto. Sahani nayo hulika kadiri miaka inavyokwenda, na mwanya kati yake na puli unaongezeka. Kwenye kompresa nyingi mwanya huo unatakiwa uwe kati ya milimita 0.3 na 0.6. Ukizidi, asubuhi sumaku inaweza kuivuta, mchana haiwezi. Niliondoa washa moja nyembamba iliyo nyuma ya sahani, nikapima mwanya, nikafunga. Gesi haikuguswa.

Kama haigongi "tak" kabisa, si lazima kompresa iwe imekufa. Angalia fyuzi. Badilishana relei ya AC na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi lilelile uone. Gesi ikiwa imeisha, swichi ya presha huizuia klachi isikamate, na inafanya hivyo kwa makusudi, kuilinda kompresa isizunguke kavu. Ndiyo maana naomba, tena kwa moyo wote: usimruhusu mtu aipitie swichi hiyo kwa waya ili "AC iwake". Itawaka, na ataiunguza kompresa yako mbele ya macho yako. Umeme ukifika kwenye klachi na klachi haikamati, fundi apime koili: nyingi husoma kati ya ohm 3 na 5. Isiposoma kitu, koili imekatika, na koili hubadilishwa bila kubadilisha kompresa.

Ikikamata na kuachia upesiupesi, tak-tak-tak kila sekunde chache, mara nyingi gesi ni kidogo. Usiendelee kuitumia hivyo kwa wiki nzima. Kila mkamato unaila sahani, na kila dakika ni ya oili pungufu.

Magari ya karibuni yamekuja na kompresa zisizo na klachi ya kuachia. Sahani inazunguka muda wote na vali ya umeme ndiyo inayoongeza au kupunguza nguvu ya kusukuma. Kwa hizo, kutokusikia "tak" si ugonjwa, na vali hiyo ikiharibika inafanana kabisa na kompresa iliyochoka, kwa hiyo ikaguliwe kwanza. Na haibridi, gari la injini na umeme kwa pamoja, ni habari nyingine kabisa: kompresa yake inaendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, waya zake ni za rangi ya chungwa, na umeme huo unaua. Usiguse. Pia oili yake ni ya aina maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akikuwekea oili ya kawaida ya PAG kwenye haibridi, tafuta fundi mwingine.

Ubaridi unapotea lini?

Hapa ndipo watu wanauziwa kompresa wasizozihitaji, kwa hiyo nenda taratibu.

Chukua kipimajoto cha chumba au cha friji, kile cha hospitali hakifai. Kiweke kwenye tundu la katikati la dashibodi, vioo vimefungwa, AC kwenye baridi ya mwisho, hewa ikizungushwa ndani kwa ndani. Baada ya dakika kumi, kwa mchana wa Dodoma wa nyuzi 30 hivi, gari zima linanipa kati ya nyuzi 5 na 10. Ikisoma 15 au 18, kuna tatizo. Lipi?

Kama upepo wenyewe unatoka mdogo ingawa feni iko juu, usimtazame kompresa. Toa filta ya AC, kwa magari mengi iko nyuma ya droo ya abiria. Vumbi letu la mwezi wa saba na wa nane, upepo unapovuma kutwa, linaiziba mpaka inakuwa kama udongo wa kufinyangia. Nimewatolea watu filta zenye majani, manyoya na kiota cha panya.

Kama inapoza ukiwa barabarani na kupoteza ubaridi ukisimama kwenye foleni, kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni upoaji wa kondensa: feni haizunguki, au kondensa imezibwa na vumbi, panzi na mbegu za nyasi. Wa pili ni kompresa dhaifu ambayo injini ikizunguka polepole haiwezi kusukuma, lakini ukikanyaga mafuta inajikakamua. Dalili ni moja, ugonjwa ni tofauti, na bei ni tofauti sana.

Ninavyowatenganisha ni kwa ndoo ya maji. Gari limesimama, AC imewashwa, kipimajoto kiko mahali pake. Kwanza nahakikisha feni ya mbele inazunguka. Kisha namwagia maji kondensa polepole kupitia kwenye shoo (wavu) ya mbele, nikiepuka kulowesha waya. Kipimajoto kikishuka ndani ya dakika moja au mbili, kompresa iko sawa, kondensa ndiyo ilikuwa inalia kwa joto. Isafishwe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, maana mapezi yake ni laini kama karatasi, na feni itengenezwe. Maji yakimwagwa na kipimajoto kisitikisike, lakini ukikanyaga mafuta kidogo kikashuka, nageuza macho kwa kompresa.

Kuna na safari ya Dar es Salaam. Madereva wengi hunipigia wakisema AC imekufa Chalinze. Hewa ya Dodoma ni kavu. Kule pwani hewa ina unyevu mwingi, na AC inabidi iugeuze unyevu ule kuwa maji huku ikiipoza hewa yenyewe, kwa hiyo mzigo wake unaongezeka sana. Kompresa iliyopungua nguvu inaweza kumudu Dodoma na kushindwa Dar. Haikufa Chalinze, iliugua hapa. Ukiwa unatoka mkoani kwetu kwenda kukaa pwani, ipime kwanza. Na yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiegesha ndiyo unyevu huo, yasikutie hofu.

Vumbi linalosema kweli

Vumbi la Dodoma linachosha, lakini kwa kutafuta uvujaji linanisaidia kuliko dawa yoyote. Oili ikivuja mahali, vumbi linanata. Pita na tochi kwenye kompresa na mabomba ya AC. Sehemu zote zitakuwa na vumbi kavu la kupulizika, na mahali panapovuja patakuwa na tope jeusi lenye mafuta. Angalia viungio vya mabomba, maungio ya mwili wa kompresa, na hasa nyuma ya sahani ya klachi. Ukiona mstari wa mafuta umerushwa kwa duara, kwenye boneti kwa chini au kwenye vyuma vilivyo mkabala na puli, sili ya mhimili wa kompresa inavuja. Paka povu zito la sabuni mahali unapopashuku, gari likiwa limezimwa. Mapovu yakikua, umepata.

Sili hukauka isipopata oili. Juni na Julai Dodoma kuna baridi, watu wanafunga AC miezi mitatu, na Septemba wanaiwasha na gesi haipo. Iwashe dakika kumi kila wiki hata kama umevaa koti.

Zile dawa za kuziba matundu zinazomiminwa ndani ya mfumo siziweki, na gari lililowekwa huwa nakuwa nalo na wasiwasi, maana zinaganda kwenye tundu la vali na kuharibu mashine ya kuvutia gesi. Usikubali pia kuwekewa gesi ya kupikia. Inapoza, ni kweli, na bomba likipasuka kwenye ajali inawaka moto.

Geji, na maswali ya kumuuliza fundi

Sehemu hii ni ya fundi, lakini simama karibu uone. Usifungue bomba lolote mwenyewe: gesi ikikurukia jichoni inagandisha. Na isiachiwe hewani. R-134a haitoboi tabaka la ozoni, ila inatega joto la dunia zaidi ya mara elfu moja ukilinganisha na kaboni dioksidi ya uzito huohuo. Ivutwe kwa mashine.

Gari likiwa limezimwa saa kadhaa kivulini kwenye nyuzi 30, geji zote mbili, ya upande wa presha ndogo (chini) na ya upande wa presha kubwa (juu), zinasoma karibu psi 95 hadi 100; psi ni kipimo cha presha. Namba hiyo haikuambii gesi ni kiasi gani, mradi kimiminika kipo ndani itabaki palepale. Kwa hiyo fundi akisoma geji gari likiwa limezimwa na kusema "gesi imejaa," bado hajakuambia kitu.

Injini ikizunguka na AC imewashwa, natarajia upande wa chini psi 25 hadi 40 na upande wa juu 175 hadi 250. Zikiwa chini zote mbili, gesi ni pungufu. Zikiwa juu zote mbili, gesi imezidi au kondensa haipoi. Upande wa chini ukizama hadi karibu na sifuri, kuna mahali pameziba, mara nyingi vali au draya. Kompresa iliyochoka inasoma kinyume na zote hizo: upande wa chini uko juu, 60 au 70, na upande wa juu uko chini, tuseme 120. Zinakaribiana, kama watu wawili wanaogawana mzigo sawa, na ukikanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,000 hazitengani inavyopasa. Muulize fundi: "Zinasoma ngapi chini, ngapi juu?" Asiyeweza kukujibu kwa namba asikuuzie kompresa.

Ikishavunjika ndani, kubadilisha kompresa pekee ni kutupa pesa. Zile chembe nilizoziona kwa mzee zilikuwa zimeshasukumwa mpaka kwenye kondensa. Kondensa za siku hizi zina vijitundu vyembamba sana ambavyo havisafishiki, kwa hiyo ibadilishwe, pamoja na draya na vali ya ekspansheni, na mabomba yaoshwe kwa dawa yake na kukaushwa. Ukiweka kompresa nzima kwenye mabomba yenye vyuma, itakula vyuma vilevile. Hata ukinunua ya mtumba, na wengi wetu ndizo tunazimudu, izungushe kwa mkono dukani, chungulia matundu yake kama oili ni safi, na ukatae iliyokuja bila vifuniko vya matundu, maana imeshanyonya unyevu na vumbi.

Kwa gari la mzee nilifanya yote hayo. Oili niliipima kwa kiasi na aina iliyoandikwa kwa kompresa ile. Nikafyonza hewa dakika 45, nikafunga geji na kungoja nione kama inashikilia. Gesi niliipima kwa mizani, gramu kwa gramu. Kabla ya kuwasha niliizungusha kompresa kwa mkono mara kumi na zaidi, oili iliyolala ndani isije ikaigonga ghafla. Kisha tukaenda naye mpaka Msalato na kurudi, saa saba mchana, kipimajoto kikiwa mbele yake. Kilisoma 7. Aliomba ile kompresa ya zamani aende nayo, niliyokuwa nimeipasua, akaifunga kwenye boksi na kuiweka nyuma.

Juni alipita Kizota akitoka kliniki, asubuhi ya baridi kali. Alikuwa amevaa sweta na kofia ya sufu, kioo kimefunguliwa nusu, na AC inapuliza. Akanyoosha mkono kuniita nikasikilize alteneta.